Luteni Columbo na Swali la "Mmeelewa?"

Wana ualimu wenzangu, fildi inakaribia na najua kila mtu yuko bize na maandalio ya somo na maazimio ya kazi. Naomba niwatoe huko kidogo niwapeleke Los Angeles, Marekani, kwenye tamthilia ya upelelezi iliyoanza kuonyeshwa kabla wengi wa wazazi wetu hawajafahamiana. Inaitwa Columbo. Mimi ni shabiki wake, tena wa kufa kabisa. Ziko episodi 69, na nyingi nimezirudia mara tatu au nne. Hosteli wananiita Luteni, kwa kuwa hicho ndicho cheo cha huyo mpelelezi, na sijawahi kulalamika.

Nimeombwa mara kadhaa nieleze faida yake ni nini. Jibu langu ni kwamba ndani ya tamthilia hii kuna somo la kuuliza maswali lililo wazi kuliko mengi tunayokopi kwenye kozi za mbinu za kufundishia. Pia kuna mambo ndani yake ambayo mwalimu akiyaiga ataharibu darasa. Nitayasema yote mawili.

Kwanza tuijue yenyewe. Columbo alibuniwa na waandishi wawili, Richard Levinson na William Link, marafiki waliokuwa wakiandika pamoja tangu wakiwa shuleni. Mhusika huyu alionekana kwenye televisheni mara ya kwanza mwaka 1960 akiigizwa na mtu mwingine, akapelekwa jukwaani, kisha mwaka 1968 ikatengenezwa filamu ya televisheni ambamo Peter Falk alichukua nafasi hiyo na hakuiachia tena. Mfululizo wenyewe ulianza kwenye kituo cha NBC Septemba 1971. Episodi ya kwanza iliongozwa na kijana wa miaka 24 ambaye hakuwa na jina bado, Steven Spielberg. NBC waliiendesha hadi 1978, halafu ABC wakaifufua kuanzia 1989 hadi 2003. Falk alifariki mwaka 2011.

Sasa, muundo wake. Tumezoea hadithi za upelelezi ambazo muuaji hafahamiki hadi kurasa za mwisho. Wale waliosoma riwaya za Muhammed Said Abdulla wanamkumbuka Bwana Msa na kiko chake: anajua mapema, lakini sisi wasomaji tunabaki gizani hadi aamue kutuwashia taa. Columbo inaenda kinyume. Unaonyeshwa mauaji mwanzoni kabisa. Unamwona muuaji, unajua sababu yake, unaona alivyopanga kila kitu. Kwa kawaida ni mtu mkubwa: daktari wa upasuaji, mwandishi maarufu, kiongozi wa okestra, mwanasiasa, bingwa wa chesi. Dakika ishirini zinaweza kupita kabla Luteni hajatokea. Halafu anaingia mtu mfupi mwenye koti la mvua lililokunjamana (lilikuwa la Falk mwenyewe), sigara nene mkononi, anatafuta penseli mifukoni na haioni. Nje ameegesha Peugeot 403 ya kukunja paa, iliyochoka.

Mtindo huu wa kumtaja muuaji mwanzoni haukuvumbuliwa na hao wawili. Mwingereza R. Austin Freeman aliujaribu kwenye hadithi zake fupi zilizokusanywa mwaka 1912. Na tabia ya mpelelezi anayejifanya mnyonge huku akikuzungukazunguka, Levinson na Link walisema waziwazi kwamba waliitoa kwa Porfiry Petrovich, yule ofisa wa upelelezi katika riwaya ya Dostoevsky, Uhalifu na Adhabu.

Roommate wangu husema, "Sasa kama unamjua muuaji tangu mwanzo, utamu uko wapi?" Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana hali hiyo hasa ndiyo hali ya mwalimu. Mwalimu anaingia darasani jibu analo. Anajua saba mara nane ni hamsini na sita, anajua sababu za Vita vya Majimaji, anajua damu inazungukaje. Hakuna fumbo kwake upande huo. Fumbo liko kwingine: mtoto aliyeketi dawati la tatu anafikiria nini, na amefikaje hapo alipofika? Hilo mwalimu halijui. Na vipindi vingi vinakwisha bila yeye kuuliza.

Anachouliza badala yake ni "Mmeelewa?" Na darasa zima, kwa sauti moja iliyozoezwa tangu darasa la kwanza, linajibu "Ndiyoooo!" Tumekulia humo, sote tunaijua ile sauti. Ni sauti ya watu wanaotaka kipindi kiishe. Mwalimu anafuta ubao, anaandika kwenye shajara la somo kwamba lengo limefikiwa, anaondoka.

Katika episodi zote nilizotazama sijamsikia Columbo akimuuliza mtu swali la namna hiyo. Hamuulizi mshukiwa "Umeua?" kwa sababu anajua atajibiwa nini. Anauliza kuhusu kitu kidogo, tena kitu halisi. Chukua ile episodi ya Spielberg. Mwandishi mmoja amemuua mwenzake wanayeandika naye vitabu, na mwili umekutwa nje kwenye nyumba ya muuaji mwenyewe. Kila kitu amekipanga. Columbo anagundua kwamba huyu bwana, baada ya kukuta maiti ya rafiki yake na kupiga simu polisi, alikaa akafungua barua zake za siku ile. Basi. Anataka tu kuelewa: mtu amekuta maiti ya rafiki yake nje, anapataje utulivu wa kufungua barua? Swali hili halina jibu la "ndiyo". Linamlazimisha mtu aeleze, na kila anapoeleza anafungua mlango mwingine.

Tulete darasani. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ameandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Wengi wetu tutaweka kosa jekundu na kuandika jibu sahihi pembeni, 5/6, tusonge mbele, madaftari yako themanini. Lakini angalia lile 2/5. Halikuokotwa. Mtoto amejumlisha vya juu akapata 2, akajumlisha vya chini akapata 5. Ana kanuni yake, na ameifuata kwa uaminifu. Ukimpa 5/6 bila kuigusa ile kanuni, ataandika 5/6 leo na kesho atarudi kulekule. Swali la Kicolumbo ni "Hii 5 umeipata wapi?" Mwache aeleze. Halafu, ukiwa kama unaondoka: "Lakini hebu nisaidie kitu kimoja. Ulianza na nusu mkate, ukaongezewa theluthi. Sasa umebaki na mbili ya tano. Mbili ya tano na nusu, ipi kubwa?" Mtoto akilinganisha ataona mwenyewe kwamba ameongezewa mkate ukapungua. Hujamwambia amekosea. Umeweka maneno yake mawili kando kwa kando, kama Luteni anavyoweka ushahidi.

Hilo la "kitu kimoja tu" ndilo lililomfanya Columbo awe Columbo. Anaaga, anafika mlangoni, mshukiwa anashusha pumzi, halafu anageuka mkono kwenye paji la uso. Asili yake inanichekesha kila nikiikumbuka. Waandishi walieleza kwamba walipokuwa wakiandika mchezo wa jukwaani waliona onyesho moja ni fupi, na Columbo tayari alikuwa ametoka. Hawakutaka kuchapa upya kurasa zote kwa taipureta, basi wakamrudisha mlangoni na swali lingine. Uvivu wa kuchapa ukazaa alama inayofahamika hadi leo.

Kwa nini swali la mlangoni linafanya kazi? Kwa sababu mtu amekwisha kuweka silaha chini. Mwanafunzi aliyekaa kimya dakika arobaini, darasa zima likimtazama, akikutana nawe kwenye korido akibeba madaftari kuyapeleka ofisini atakwambia asichoelewa. Wanaokwenda fildi wajaribu hili: msiwahi kukimbia staff room kengele ikilia. Tembeeni taratibu.

Kuna jambo jingine linalohitaji muda, nalo ni kimya. Columbo akiuliza, anangoja. Anakuna kichwa, anatazama picha ukutani, anapapasa mifuko. Wewe unaona kachanganyikiwa, kumbe amempa mwenzake nafasi ya kuongea. Mtafiti wa elimu ya sayansi wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza jambo hili madarasani akaligusa kwa vipimo katika maandiko yake ya miaka ya 1970. Alikuta walimu kwa kawaida wanasubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza kabla ya kutaja mwanafunzi mwingine, kurudia swali au kujijibu wenyewe. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitolea kujibu waliongezeka, na "sijui" zikapungua. Sekunde tatu! Jaribu kuzihesabu mbele ya darasa utaona zilivyo ndefu. Mkono unakuwasha kushika chaki.

Lakini kiini cha Columbo, kwa maoni yangu, kiko kwenye ujinga wake wa kujitakia. Anawaambia matajiri kwamba hajui kitu kuhusu muziki, picha, mvinyo, kamera. Nao hawawezi kuvumilia. Wanaanza kumfundisha. Mtu anayejiona ana akili hawezi kumwacha askari mnyonge na dhana potofu, basi anasahihisha, anafafanua, anatoa nadharia yake ya jinsi mauaji yalivyotokea, na kila anapofundisha anajiweka wazi zaidi.

Sisi tunafundishwa kinyume chake. Mwalimu wetu ni mtu anayejua. Darasa linasimama, "Shikamoo mwalimu", na kuanzia hapo kazi yake kubwa ni kulinda hiyo heshima, asije akaonekana hajui. Mimi siipingi heshima. Ila heshima ikizidi, mwanafunzi anasema tu kile anachodhani mwalimu anataka kusikia. Halafu kwa sekondari tuongeze la lugha. Mtoto ametoka shule ya msingi alikosoma kwa Kiswahili, amefika kidato cha kwanza anaulizwa kwa Kiingereza, "Explain", na anachokijua hana maneno ya kukibeba. Ananyamaza. Sisi tunaandika: hajui. Hapo mwalimu amefunga kesi bila kumhoji shahidi. Ningependa kila mmoja wetu fildi awe na ujasiri wa kusema, "Nieleze kwa namna yako kwanza, kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kusoma hili. Kiingereza tutakitafuta pamoja baadaye." Najua wakaguzi wengine hawatafurahi. Lakini bila hivyo hatutajua kama tatizo ni baiolojia au ni Kiingereza, na hayo ni magonjwa mawili yenye dawa mbili.

Tena ujinga wa Columbo si wa maneno tu, maana huwa anakwenda kujifunza kweli. Kwenye episodi ya mwaka 1973 inayoitwa Any Old Port in a Storm, muuaji ni mtengeneza mvinyo, ameigizwa na Donald Pleasence. Columbo haelewi mvinyo, basi anakwenda kufundishwa, na kile alichojifunza ndicho kinachomaliza kesi: anamwandalia mshukiwa chakula cha jioni na chupa ambayo ulimi wa fundi peke yake ndio unaoweza kugundua kuwa imeharibiwa na joto. Utaalamu wa muuaji ndio unaomshtaki. Baada ya hapo wanakaa garini wanakunywa pamoja, maana Columbo amempenda yule mtu. Kwa mwalimu, kujua mwanafunzi anapenda nini, iwe mpira, useremala wa baba yake au kusuka, kunaweza kufungua mlango ambao andalio la somo halikuufikiria.

Hapa niweke kando kidogo habari ya ushabiki wenyewe, kwa sababu wapo wanaodhani shabiki ni mtu wa kukusanya visehemu vya habari visivyo na kazi. Jina la kwanza la Columbo ni nani? Kwenye mazungumzo halitajwi. Wanaosimamisha picha na kukisoma kitambulisho chake wanaona "Frank". Sasa, mwandishi mmoja aitwaye Fred Worth alitoa kamusi ya mambo madogomadogo mwaka 1974, na humo aliandika kwa makusudi kwamba jina lake ni Philip. Alilibuni. Lilikuwa mtego kwa wezi wa kazi yake. Mchezo wa maswali uliovuma miaka ya themanini, Trivial Pursuit, ukatoka na jibu: Philip. Worth akafungua kesi mwaka 1984 akidai dola milioni 300, akashindwa, kwa hoja kwamba ukweli mtupu hauna hakimiliki. Ndugu zangu wa kudesa, mmeelewa? Mhadhiri anapokuta kosa lilelile la ajabu kwenye asaimenti kumi na mbili, anafanya kazi ya Bwana Worth. Ushabiki ninaoutetea mimi ni ule wa kusimamisha picha ukasome kitambulisho mwenyewe.

Turudi kwenye yale ambayo mwalimu asiyaige.

Columbo ni mwongo. Tusizunguke. Kwenye Death Lends a Hand ya 1971, anamfanya mshukiwa aamini kwamba lenzi ya jichoni ya marehemu imepotea na huenda ipo kwenye buti la gari lake, ili aje usiku kuitafuta na akamatwe. Kwenye tamthilia tunapiga makofi, kwa sababu tumeyaona mauaji kwa macho yetu. Kwa polisi wa kweli, ambaye hakuoneshwa dakika ishirini za mwanzo, njia hiyo ni hatari kubwa, kwani asiye na hatia naye anaweza kutishika akapekua gari lake. Darasani ndiyo kabisa. Maswali ya mtego ya kumuumbua mtoto mbele ya wenzake yanamfundisha kutokuinua mkono tena. Swali la mkate hapo juu si mtego, kwa sababu kila anachohitaji kujibu anacho mkononi na hakuna anayemcheka.

La pili ni gumu zaidi kuliona, na mimi nililiona baada ya kurudia episodi nyingi. Columbo anamjua muuaji mapema mno. Mara nyingi ukitazama vizuri, ameshaamua tangu walipokutana mara ya kwanza. Hakosei kwa sababu waandishi hawakumruhusu akosee. Mwalimu hana waandishi. Akiamua wiki ya kwanza kwamba yule wa nyuma ni mzito wa kuelewa, atayapata "mathibitisho" kila siku, na mtoto ataumia miaka minne.

Dawa ya hilo, ajabu, imo humohumo. Kwenye The Bye-Bye Sky High I.Q. Murder Case ya 1977, muuaji ni mwanachama wa klabu ya watu wenye akili kupindukia. Columbo anamweleza kwamba maisha yake yote, tangu shuleni hadi jeshi la polisi, alikutana na watu wenye akili kumzidi, na kwamba yeye aliona njia yake ni kufanya kazi zaidi yao, kusoma, na kuangalia kwa makini. Humohumo kuna chemshabongo inayofaa kipindi cha hisabati: una mifuko kadhaa ya dhahabu, mmoja ni wa bandia na vipande vyake vina uzito tofauti kidogo, na unaruhusiwa kupima mara moja tu. Utautambuaje? Chukua kipande kimoja mfuko wa kwanza, viwili wa pili, vitatu wa tatu, uvipime vyote pamoja. Tuseme bandia inazidi gramu moja: uzito ukizidi gramu tatu, ni mfuko wa tatu. Wape darasa lako bila jibu. Usiangalie nani kamaliza wa kwanza. Pita katikati ya madawati uulize, "Ulianza vipi?"

Anayetaka kuanza kutazama asianze na zile za baada ya 1989, nyingi zimepoa. Aanze na ya Spielberg, kisha ile ya mvinyo, kisha Suitable for Framing ya 1971 inayohusu mhakiki wa sanaa na picha zilizoibwa. Flashi ninayo, njooni chumbani. Kila moja haifiki saa mbili. Kwenye hiyo ya picha, dakika ya mwisho, msiangalie uso wa muuaji. Angalieni mikono ya Luteni, imekaa mifukoni tangu alipoingia.